Ngome za Alexandria, 1882: zilinyamazishwa na manowari, au zilinyamaza kwa sababu nyingine?

1. Mkongwe wa Pwani

Habari za jioni, wanajukwaa.

Mpwa wangu yuko Misri kikazi, na juzi alinitumia picha ya Ngome ya Qaitbay pale Alexandria, ile iliyojengwa na Sultani Qaitbay mwaka 1477 mahali uliposimama mnara wa taa wa kale. Imenyooka na kung'aa, utadhani mafundi wameshuka jana. Nikamwambia asidanganyike, kwa kuwa tarehe 11 Julai 1882 ngome hiyo ilipigwa na manowari za Waingereza mpaka mnara wa msikiti wake ukaanguka, na sehemu kubwa ya anachokiona leo ni ukarabati. Akaniuliza: "Mjomba, kwa hiyo meli zilizishinda ngome?" Nikaanza kuandika ndiyo, kisha nikafuta.

Kwa asiyeijua habari hiyo, Admirali Beauchamp Seymour, akiwa ndani ya Alexandra, alikuwa na manowari 8 za deraya, yaani zilizovikwa chuma, na boti ndogo 5 za mizinga. Mstari wa ngome za Wamisri ulianzia Marabout upande wa magharibi, ukapita Mex, rasi ya Ras el-Tin, Adda na Qaitbay, ambayo Waingereza waliiita Pharos, ukaishia Silsileh upande wa mashariki. Kombora la kwanza lilipigwa saa 1 asubuhi na mapigano yakakoma saa 11 na nusu jioni. Waingereza walitumia makombora zaidi ya 3,000. Hata hivyo, waliposhuka pwani na kuzikagua ngome, mizinga mikubwa iliyokuwa imevunjwa au kuangushwa na makombora yao ilikuwa michache kuliko ile iliyokuwa bado imekaa juu ya vigari vyake.

Dai langu ni kwamba meli hazikuzishinda ngome. Ziliwashinda watu waliokuwa ndani yake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Karibuni mnipinge.

2. Koplo Mstaafu

Mzee Mkongwe, umesema kweli lakini umeisema nusu. Nilitumikia kikosi cha mizinga kwa miaka 11, nami nakuhakikishia kwamba mpiga mizinga hatenganishi mambo hayo mawili. Mzinga usio na watu ni bomba la chuma.

Tufikirie mzinga wa inchi 10 wa wakati ule, ambao hupakiwa kwa kupitia mdomoni. Ukishapiga, unarudi nyuma. Watu wanakwenda mbele yake, ukutani kabisa, mmoja anapitisha mti wenye sifongo iliyolowa ili kuzima cheche zilizobaki ndani, wa pili anatia mfuko wa baruti, wengine wanalining'iniza kombora kwa mnyororo hadi mdomoni, kisha wote wanalisukuma kwa mti mrefu mpaka likae. Hapo ndipo mzinga unavutwa kurudi mahali pake na kulengwa upya. Maboma mengi ya Alexandria yalikuwa wazi kwa juu. Kombora lisipougusa mzinga hata kidogo, likapiga ukuta ulio mbele yake tu, vipande vya mawe vinawafyeka wale watu sita au saba waliosimama mdomoni. Mzinga utakutwa mzima baada ya vita, naye mkaguzi ataandika "haukuharibiwa".

Kambini kwetu tulifanya mazoezi ya kupakia kwa saa ya mkononi. Siku mkufunzi alipowaondoa watu wawili tu katika kundi na kuwaweka wengine wasiozoea kazi hiyo, muda uliongezeka maradufu, na hapo hakuna aliyekuwa akitupiga.

3. Mwanahistoria wa Jioni

Uzi mzuri, ila nina masahihisho. Seymour hakuwa ndani ya Alexandra siku hiyo. Kweli Alexandra ndiyo iliyokuwa manowari yake ya bendera katika kikosi cha Mediterania, na ndiyo iliyopiga kombora la kwanza, lakini inazama sana majini, kwa hiyo alihamishia bendera yake Invincible ili aweze kuingia ndani ya miamba na kuikabili Mex kwa karibu pamoja na Monarch na Penelope. Sultan, Superb na Alexandra zilibaki nje kuipiga Ras el-Tin na jirani zake, nazo Inflexible na Temeraire zikakaa karibu na mlango wa bandari, zikipiga huku na huku.

Pili, usiseme "mizinga ya Wamisri" kama kitu kimoja. Sehemu kubwa ilikuwa mizinga ya zamani yenye mtutu laini, na matufe yake hayakuweza kuidhuru deraya. Mizinga mizuri, yenye mtutu wa mifereji, ilikuwa sehemu ndogo ya jumla, nayo ilitoka kiwanda cha Armstrong huko huko Uingereza. Siku ile chuma cha Waingereza kilikuwa kinarushwa kutoka pande zote mbili.

Tatu, na hii ndiyo hoja yangu, mizinga hiyo michache ilikuwa imetawanywa katika mstari mrefu, kila ngome na yake michache tu. Seymour aliweza kuchagua mahali pa kukusanya nguvu zake. Ngome haihami. Kwa hiyo mimi naweka lawama kwenye mpangilio wa ngome, uliokosewa miaka mingi kabla ya Julai 1882.

4. Kijana wa Kibaha

Samahanini wakubwa, kila nikisoma "mizinga" namwona babu yangu na nyuki wake. Swali langu la kweli ni hili: nimesikia Inflexible ilikuwa na mizinga ya tani 80. Kama ni hivyo, tunajadili nini? Kitu cha tani 80 kikikupiga, mpangilio unakusaidia nini?

5. Baharia Mstaafu

Kijana, nyuki wa babu yako wangepiga mara nyingi zaidi. Inflexible ilikuwa na mizinga minne ya inchi 16, kila mmoja una uzito wa tani 80, na kombora moja lilipita kilo 760. Kapteni wake alikuwa John Fisher, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa wanamaji wa Uingereza. Lakini mizinga hiyo nayo ilipakiwa kwa mdomo. Ilibidi mnara wa mizinga uzungushwe, mitutu iinamishwe chini ya sitaha, na mitambo ya maji iwasukumie kombora kutoka chini, halafu mnara uzungushwe tena kulitafuta shabaha. Siku nzima makombora yake ya inchi 16 hayakufika 100. Tena kishindo cha mizinga yake yenyewe kilizivunjavunja mashua zilizokuwa juu ya sitaha.

Nimetia nanga Alexandria mara tatu nikiwa katika meli ya mizigo. Nje ya bandari ya magharibi kuna mstari wa miamba, na meli kubwa huingia kwa njia chache tu, ambazo rubani wa bandari anazijua kama kiganja chake. Temeraire ilikwama huko asubuhi ileile na ikabidi ikwamuliwe. Sasa jiweke mahali pa mpiga mizinga aliye ndani ya meli inayotikisika, moshi wa baruti umetanda, haoni anakopiga, na mwenzake amepanda mlingotini kumwambia kombora limeangukia wapi. Zile manowari za nje zilianza kwa kupiga huku zikitembea, na baada ya saa tatu hivi zikatia nanga, kwa sababu shabaha ilikuwa mbovu. Meli ikitia nanga mbele ya ngome inayopiga, ujue kapteni ameshaona kwamba hatari ya kupigwa ni ndogo kuliko hasara ya kukosa shabaha.

6. Fundi Chokaa

Mimi si mtu wa vita, ni mwashi wa Lamu, lakini naona mnausahau ukuta. Jiwe la matumbawe ukiligonga kwa nyundo halipasuki kama jiwe gumu la bara. Linabonyea, linatoa unga, tundu linabaki lakini ukuta haujui kama umepigwa. Jiwe la chokaa la Alexandria, kwa jinsi ninavyolisoma, nalo ni laini, na mbele na nyuma yake palikuwa na vifusi vya mchanga. Kombora linazama humo na nguvu yake inakwisha.

Tunao mfano wa nyumbani. Januari 1875 Akida Muhammad bin Abdallah alimwasi Sultani Barghash, akajifungia Ngome ya Yesu, Mombasa. Manowari mbili za Waingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome. Akida alisalimu amri. Na ukuta? Nendeni Mombasa mkautazame. Nimeukarabati mwenyewe upande mmoja, nikiwa kibarua wa fundi mkubwa, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko katika shimo ambalo wazee walisema ni la mzinga, ingawa sikuapa kama ni la mwaka huo au la vita vingine. Sehemu ya ndani ilikuwa kavu na imara.

Kwa hiyo namuunga mkono mwenye uzi, lakini napinga maelezo ya Koplo kwamba vipande vya mawe ndivyo vilivyoua. Jiwe laini halitoi vipande vikali.

7. Koplo Mstaafu

Fundi, ngome haikujengwa kwa jiwe laini peke yake. Kwenye matundu ya mizinga, kando na juu, palikuwa na mawe ya kuchongwa, nayo ndiyo yaliyokuwa karibu na watu. Mchanga ulio chini unaweza kumeza kombora upendavyo, ila aliyesimama tunduni hakukingwa na mchanga ule.

8. Bi Mkubwa wa Tanga

Nimewasoma wote kwa utulivu. Mnahesabu mizinga na makombora kama wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Nauliza kuhusu watu. Wangapi walikufa?

Halafu, je, ni kweli kwamba wakazi wa mji walikwenda kuwasaidia askari? Masimulizi ya Wamisri yanasema wanaume na wanawake walibeba baruti hadi ngomeni huku makombora yakianguka. Kama ni kweli, basi hoja ya kwamba "watu walikwisha" inahitaji kurekebishwa, kwa sababu walikuwapo wa kubeba. Waliokosekana ni wa kulenga.

9. Mwanahistoria wa Jioni

Bi Mkubwa, kwa Waingereza hesabu ni watu 5 au 6 waliouawa na chini ya 30 waliojeruhiwa, kutegemea kama unawahesabu waliofariki baadaye kwa majeraha. Kwa Wamisri makadirio yanapishana sana, lakini ni mamia.

Hoja yako ya walengaji ni nzito kuliko unavyodhani. Wapiga mizinga wa ngome walikuwa wachache kwa mstari mrefu kiasi kile, na mazoezi ya kulipua makombora halisi kwa shabaha inayotembea baharini ni ghali. Hazina ya Misri ilikuwa mikononi mwa wadai wa Ulaya tangu miaka ya 1870. Jeshi lililopunguzwa kwa amri ya wadai halichezei baruti. Ahmed Urabi, afisa aliyeongoza jeshi la Misri siku zile, na wenzake walianza na malalamiko ya askari kabla ya kuwa na madai ya taifa zima.

Na hata hivyo walipiga. Watazamaji waliokuwa melini, maadui zao, walikiri kwamba walibaki kwenye mizinga yao kwa ujasiri wa kushangaza.

10. Baharia Mstaafu

Tena walipata shabaha. Kombora moja la inchi 10 lilitoboa ubavu wa Alexandra na kusimama ndani, utambi wake ukiwaka. Mkuu wa mizinga aliyeitwa Israel Harding aliposikia kelele, alipanda mbio kutoka sitaha ya chini, akalimwagia maji, kisha akalinyanyua na kulitumbukiza katika pipa lililojaa maji. Alipewa nishani ya Victoria Cross, na sidhani kuna atakayemnyima. Lakini angalia maana yake kwa hoja yetu. Kombora lililopita deraya au kandokando yake, likafika ndani, lingepasuka sekunde chache kabla, leo tungekuwa tunaandika uzi mwingine. Inflexible nayo ilipigwa na kombora la namna hiyo likaua.

Kwa maoni yangu bahati ilikuwa na sehemu kubwa kuliko wanavyopenda kukubali watu wa mipangilio.

11. Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Naomba kuongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: ghala la baruti.

Saa 7 na nusu mchana ghala la Ngome ya Adda lililipuka, na ngome ile ikatoka vitani papo hapo. Anayejua historia ya jeshi la Misri ataguna. Tarehe 3 Novemba 1840 jeshi la Muhammad Ali, mtawala wa Misri, lilikuwa limeshika mji wa Akka, pwani ya Sham, ukapigwa na meli za Waingereza, Waaustria na Waothmani. Alasiri ghala kuu la baruti lilipigwa, watu zaidi ya 1,000 wakafa kwa mara moja, na usiku huohuo walinzi waliuacha mji. Tena wapiga mizinga wa Akka walikuwa wamezilenga mbali, meli zikatia nanga karibu kuliko walivyotazamia, makombora mengi yakapita juu ya milingoti. Miaka 42 baadaye, jeshi lilelile, kosa lilelile la ghala, na tazama jinsi boti ndogo ya Condor ya Lord Charles Beresford ilivyoisogelea Marabout mpaka ikawa pahali ambapo mizinga ya ngome haikuweza kuigeukia vizuri. Seymour akaipelekea ishara ya kuipongeza.

Basi mimi nasema sababu ni kutojifunza. Na kwa faida ya watu wa kwetu, Misri hiyohiyo ilijaribu kuuonea utawala wa Zanzibar: mwaka 1875 Khedivu Ismail, yaani mtawala wa Misri wakati ule, alipeleka meli chini ya McKillop Pasha zikateka Barawa na Kismayu, hadi Waingereza walipomlazimisha kuziondoa. Miaka saba baadaye Waingereza haohao wakaipiga Misri kwa mizinga.

12. Koplo Mstaafu

Ustadh, ghala la Adda halielezi. Lililipuka saa 7 na nusu mchana, lakini mapigano yaliendelea hadi saa 11 na nusu jioni. Ngome nyingine hazikunyamaza kwa kulipuka kwa jirani. Akka ilikuwa mji mmoja wenye ukuta mmoja, Alexandria ilikuwa mkufu wa ngome.

Pia tusisahau Mex. Mchana, mizinga yake ilipotulia, kundi dogo la kujitolea kutoka Invincible lilikwenda pwani, wengine wakiogelea kwenye mawimbi, pamoja na Meja Tulloch. Walikwenda kuiharibu mizinga kwa mikono, wengine wakipigilia misumari kwenye tundu la kuwashia. Jiulize: kama makombora yalikuwa yameiharibu, kwa nini mtu aogelee na msumari?

13. Mkongwe wa Pwani

Nashukuru kwa sahihisho la Invincible, nimelikubali. Koplo, huo msumari ndio ushahidi nilioutafuta.

Naomba mwenye ujuzi anieleze kuhusu makombora yaliyokufa. Nimesoma kwamba baada ya mapigano, makombora mengi ya Waingereza yalikutwa mazima ndani ya ngome na mjini.

14. Mwanahistoria wa Jioni

Ni kweli. Fyuzi za Waingereza, yaani vile viwashio vya kulipua kombora, zilikuwa mbovu, na makombora mengi hayakupasuka. Zaidi ya hapo, sehemu ya yale waliyoyatumia yalitengenezwa kwa ajili ya kutoboa deraya ya meli, yana ncha ngumu na baruti kidogo. Ukilipiga kombora la namna hiyo kwenye mchanga wa Fundi Chokaa, linaingia ndani kama mwiko kwenye ugali, na hakuna kinachotokea. Maofisa wa mataifa mengine waliozitembelea ngome baada ya vita, Mmarekani Caspar Goodrich akiwa mmoja wao, walilichunguza sana jambo hili, maana kila nchi yenye pwani ilitaka kujua kama ngome zake bado zina maana.

Swali lao lilikuwa la zamani. Tarehe 17 Oktoba 1854 meli za mbao za Waingereza na Wafaransa ziliipiga Sevastopol, zikaumizwa vibaya na ngome zikabaki. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 17 Oktoba, Wafaransa walipeleka Kinburn majahazi matatu yaliyovikwa chuma, na ngome ikasalimu amri siku hiyohiyo. Wengine wakasema deraya imemaliza ubishi. Fort Fisher, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikarudisha ubishi: ilikuwa ya udongo na mchanga, ilipigwa na kundi kubwa la meli, na bado Januari 1865 ilibidi askari waivamie kwa miguu.

15. Kijana wa Kibaha

Kama Marekani walijua kwamba udongo unafaa, kwa nini hakuna aliyewaambia Wamisri?

16. Mwanahistoria wa Jioni

Aliyeweza kuwaambia alikuwa ofisini Cairo. Mnadhimu mkuu wa jeshi la Khedivu alikuwa Jenerali Charles Stone, Mmarekani, mkongwe wa vita hivyohivyo. Alibaki upande wa Khedivu Tawfik, si wa Urabi. Aliporudi kwao akawa mhandisi wa jukwaa linaloibeba Sanamu ya Uhuru, ile ambayo mchongaji wake, Bartholdi, alikuwa kwanza amelipeleka kwa Khedivu Ismail wazo la sanamu ya namna hiyo kwa ajili ya mfereji wa Suez. Hili la mwisho halihusiani na ngome, lakini nisingelala nisipolisema.

17. Bi Mkubwa wa Tanga

Lala salama. Wengine turudi kwenye mada.

18. Mswahili wa Muscat

Nimekubali pigo la Koplo kuhusu saa. Naliondoa ghala kama sababu kuu, nalibakisha kama sababu ya Adda.

Je, tunaweza kulinganisha na Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896? Admirali Rawson, aliyeipiga jumba la Sultani Khalid bin Barghash, alikuwa Misri mwaka ule wa 1882 akisimamia usafirishaji wa majeshi. Pale ilichukua dakika 38.

19. Baharia Mstaafu

Haulinganishiki, Ustadh. Zanzibar hapakuwa na ngome ya kuzuia manowari. Palikuwa na majumba, mizinga michache ufukweni, na meli moja ya Sultani, Glasgow, iliyozamishwa palepale na milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka. Tena ukihesabu dakika utaanza ubishi mwingine, kwa sababu kila mtu wa Forodhani ana saa yake. Linganisha na Mombasa ya Fundi, hiyo ina maana.

20. Msomaji Kimya

Nimekuwa nikisoma tu tangu mwanzo, lakini naona sababu moja haijaandikwa. Labda ngome zilinyamaza kwa sababu wakubwa wake hawakuwa na nia ya kuzitetea kwa siku ya pili.

Fikirini. Ufaransa iliondoa meli zake kabla ya mapigano. Khedivu mwenyewe alikuwa kasri ya Ramleh akisubiri kuona nani atashinda. Asubuhi ya tarehe 12 bendera nyeupe ilipandishwa, mazungumzo yakavutwavutwa, na wakati huohuo jeshi likatoka mjini kuelekea bara. Urabi alikuwa na nchi nzima nyuma yake. Meli haziwezi kupanda Kafr el-Dawwar, na huko ndiko alikochimba mahandaki yaliyowazuia Waingereza, mpaka jenerali wao Wolseley alipozunguka kupitia mfereji wa Suez na kuwapiga Tel el-Kebir tarehe 13 Septemba. Kwa mtazamo huo Alexandria haikuanguka, iliachwa.

21. Koplo Mstaafu

Karibu, Msomaji Kimya, ungenyamaza kidogo tu zaidi tungekuwa tumekubaliana. Hoja yako ni nzuri, ila inaeleza tarehe 12. Sisi tunauliza kuhusu jioni ya tarehe 11, mizinga ilipokoma mmoja baada ya mwingine kabla ya mtu yeyote kuamuru kuondoka.

22. Fundi Chokaa

Na moto? Ule mji ulioungua tarehe 12 na 13, uliwashwa na makombora yaliyopita juu ya ngome, au na watu?

23. Mwanahistoria wa Jioni

Fundi, huo ni uzi mwingine na utatumaliza. Kwa ufupi: Waingereza walisema ni askari wa Urabi, na Suleiman Sami, ofisa wake mmoja, alinyongwa mwaka 1883 kwa kosa hilo. Wamisri wengi walisema ni makombora. Wengine wakawataja waporaji, na wapo waliowashuku hata wenye nyumba wenyewe waliotarajia fidia. Picha za mpiga picha Luigi Fiorillo zinaonyesha uwanja wa Muhammad Ali ukiwa magofu, kuta zimesimama na madirisha hayana kitu, lakini picha haisemi nani aliyeshika kiberiti. John Bright alijiuzulu katika baraza la Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, kwa ajili ya upigaji ule, moto au bila moto.

24. Bi Mkubwa wa Tanga

Kwa hiyo hadi sasa tuna vipande vya mawe, mpangilio mbovu, uchache wa walengaji, bahati, ghala la Adda lililobaki Adda, na wakubwa waliokwisha kuamua kuondoka. Mimi nabaki na walengaji. Aliyebeba baruti chini ya makombora akamfikishia mtu asiyejua kuutumia mzinga amefanya kazi kubwa kuliko wote, na jina lake halimo popote.

25. Mkongwe wa Pwani

Nimemtumia mpwa wangu uzi mzima. Amejibu kwamba ni mrefu, lakini Ijumaa atarudi Qaitbay, na nimemwomba atazame upande wa bahari kama ataona mahali ambapo jiwe jipya linakutana na la zamani, apige picha kwa karibu sana, mkono wake ukiwemo ili tupate kipimo.

26. Fundi Chokaa

Mwambie asitazame jiwe, atazame chokaa iliyo kati ya mawe. Ya zamani ina vipande vya mkaa ndani yake. Na akiruhusiwa, aikwaruze kwa ukucha.